Moja ya Nini?

Ziko lugha duniani ambazo hazimruhusu msemaji ataje idadi ya kitu kisha anyamaze. Mojawapo ni Kihakka, lugha ya Wachina wa kusini ambayo husemwa Meizhou katika jimbo la Guangdong, husemwa Taiwan, na ilivuka Bahari ya Hindi pamoja na wahamiaji hadi kisiwani Morisi, jirani yetu wa baharini. Katika Kihakka, baina ya idadi na jina la kitu sharti likae neno la tatu. Mti hauhesabiwi hivi hivi. Husemwa yit theu su, yaani "moja, kichwa, mti". Samaki huhesabiwa kwa mkia. Njia, nyoka na kamba huchangia neno moja, thiau, kwa kuwa vyote ni virefu na vinapindika. Mchele, mchanga na vitu vingine vidogo vya mviringo vina neno lao, liap. Maneno haya wanaisimu huyaita viainishi. Mimi katika makala haya nitayaita maneno ya kuhesabia, maana hiyo ndiyo kazi yake ninayotaka tuitazame.

Nilipoanza kuyasoma haya, jambo lililonishika si ugeni wake. Ni hilo neno "kichwa" la mti. Wahakka wanapohesabu miti hawatazami majani wala matawi. Hutazama pale chini mti unapoingia ardhini, na pahala hapo ndipo wanapopaita kichwa. Sisi tunapaita shina. Nami ni mtoto wa Kilwa, niliyelelewa kusikia wazee wakisema "marehemu ameacha mashina kumi ya minazi". Niliona kwamba watu wa Meizhou na watu wa Kikole, pasipo kujuana, wameinama kuutazama mti mahali pamoja.

Ndugu msomaji atasema: Kiswahili hakina mambo hayo; tunasema mti mmoja, miti miwili, basi. Ni kweli, na si kweli. Kiswahili kina njia mbili za kuainisha vitu kabla ya kuvihesabu. Njia ya kwanza imezama ndani ya neno lenyewe kiasi kwamba hatuioni tena. Njia ya pili imo midomoni mwa wachuuzi, wakulima na wavuvi, na ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa kuwa inatutoka.

Njia ya kwanza ni ngeli. Tuchukue mzizi mmoja tu, -ti. Ukiuvika m- unapata mti, kitu kinachoota na kusimama. Ukiuvika ki- unapata kiti, kitu kilichoundwa kwa mti. Ukitaka ukubwa unasema jiti, ukitaka udogo unasema kijiti. Ukitaka wembamba na urefu unasema ujiti, na wingi wake ndio njiti tunazowashia moto. Na katika mwili wa binadamu upo uti wa mgongo. Mzizi ni ule ule. Kilichobadilika ni jicho la mtazamaji. Mhakka hubadilisha neno la kuhesabia na kuliacha jina kama lilivyo. Mswahili hulibadilisha jina lenyewe, kisha sifa, kitenzi na kionyeshi vyote hufuata nyuma yake kama watoto nyuma ya ngoma.

Hata tarakimu hufuata, ila si zote. Tunasema mtu mmoja, viti viwili, miti mitatu, mawe manne, nyuzi tano, watoto wanane. Lakini sita, saba na tisa, ambazo tulizipokea kutoka Kiarabu, hazivai kiambishi chochote, na kumi pia husimama peke yake. Miti saba, watu saba, viti saba: tarakimu haijali. Washairi wanalijua jambo hili hata kama hawajalitamka, kwa sababu "saba" ni mizani mbili popote uiwekapo, ilhali -nane yaweza kuwa nane, wanane, minane au vinane, na mizani ikasogea.

Wilhelm Bleek alizipa ngeli za Kibantu namba katika sarufi yake linganishi ya karne ya 19, na Carl Meinhof akaiendeleza kazi hiyo. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakizipanga kwa namna mbili. Wapo wanaofuata maumbo ya majina, wakasema M-WA, M-MI, KI-VI, JI-MA. Wapo wanaofuata upatanisho katika sentensi, wakasema A-WA, U-I, KI-VI, LI-YA. Walimu tuliosimama mbele ya kidato cha kwanza tunajua jinsi mjadala huu unavyoweza kumaliza kipindi kizima. Mtoto huuliza: "Mwalimu, kiboko yumo ngeli gani?" Kwa umbo yumo KI-VI. Kwa upatanisho tunasema kiboko mkubwa amezama, wala hatusemi kikubwa kimezama, maana ana uhai. Uhai umeyashinda maumbo. Lakini ukiushika mjeledi mkononi, ambao nao huitwa kiboko, utasema kiboko kikubwa kimekatika. Hapo ngeli inafanya kazi ile ile ya neno la kuhesabia la Kihakka: inamwambia msikilizaji ni kitu cha aina gani kinachotajwa.

Lugha za jirani zetu zina zaidi. Lugha nyingi za Kibantu, Kigikuyu kikiwa mojawapo, zina ngeli ya KA-TU kwa ajili ya vitu vidogo. Kiswahili sanifu kimeiacha na kuutia udogo katika KI-VI. Ndiyo maana kitoto chaweza kuwa mtoto mdogo anayependeza, au mtoto anayedharauliwa, na msomaji akabaki kutafuta maana katika sauti ya msemaji. Hiyo ni hasara, lakini kwa mshairi ni faida pia, kwa kuwa utata ni mali yake.

Njia ya pili, ile ya maneno ya kuhesabia hasa, tuifuate sokoni. Maji hayana umoja, mchele hauna wingi. Hakuna "maji moja" wala "michele mitatu". Hapo Mswahili, kama Mhakka, hana budi kuleta neno la tatu: tone la maji, funda la maji, chembe ya mchele, punje ya mtama, konzi ya mchele ukiufumba mkono, ukufi ukiukunjua, tonge likisha kuiva. Kisha huja vipimo vya chombo, kibaba na pishi, ambayo ni vibaba vinne. Na tukitoka kwenye vitu visivyohesabika, tunakuta kwamba hata vile vinavyohesabika vina maneno yake. Ndizi ina dole, chane na mkungu. Nazi ina kole, yaani kile kikonyo kikubwa pamoja na nazi zake zote. Samaki hutiwa katika mtungo au hupangwa fungu. Kuni hufungwa tita. Kitambaa ni jora, khanga ni doti. Ukili unaosukwa kwa mkeka huenda kwa pindi. Boriti za mikoko, ambazo kwa karne nyingi zilipakiwa majahazini kutoka delta ya Rufiji na mwambao wetu huu kwenda Uarabuni na Ghuba, zilihesabiwa kwa korja, na korja ni 20. Na kabla ya kuhesabiwa zilichaguliwa kwa unene: fito, pau, boriti, nguzo. Mtu aliyeomba "miti mia" bandarini angechekwa. Miti ya nini? Ya kuezekea au ya kusimamishia nyumba?

Nalo jina la Kikole, sikioni mwa Mswahili, linasikika kama kole dogo. Hiyo si hoja ya asili ya jina la kijiji. Ni burudani ya sikio tu, na washairi tunaruhusiana burudani za namna hiyo.

Mtu anaweza kudhani maneno haya ni mapambo, kwamba kilo imekuja na imetosha. Nilidhihirikiwa vingine katika shamba la babu yangu mzaa mama, pembezoni mwa Kikole. Alipofariki aliacha watoto wawili, mjomba wangu na mama yangu, na daftari lililoandikwa kwa mkono wake: mikorosho 30. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu mwana wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike fungu moja, basi hesabu ilikuwa nyepesi: mashina 20 kwa mjomba, 10 kwa mama. Mpaka ukapigwa, watu wakala wali, wakaomba dua, wakatawanyika.

Msimu wa korosho ulipofika ndipo neno lilipozuka. Wanaoujua mkorosho wanajua tabia yake. Ukiachwa bila kupunguzwa, matawi yake ya chini hulala juu ya ardhi, na pengine tawi hutia mizizi pale lilipolala, likainuka tena kama mti mwingine. Katika mpaka ule, mikorosho mitatu iliyokuwa upande wa mjomba ilikuwa imenyoosha matawi yake hadi upande wa mama, na hayo matawi yalikuwa yametia mizizi zamani, wakati babu yu hai. Mama akaokota korosho zilizoanguka chini yake. Mjomba akauliza kwa nini.

Ukaitishwa mkutano wa jamaa chini ya mwembe. Nilikuwapo, nikiwa kijana niliyemaliza masomo ya ualimu, na nayakumbuka maneno kwa sababu yalikuwa machache na yote yalikuwa ya lugha.

"Kaka," alisema mama, "hii ni mikorosho mitatu, imesimama kwenye ardhi yangu."

"Mdogo wangu, si mikorosho, ni matawi. Baba aliandika thelathini. Ukihesabu hayo tunapata thelathini na tatu. Basi baba hakujua kuhesabu?"

"Baba alihesabu alivyopanda. Mimi nahesabu inavyosimama."

Hapo wakanyamaza wote wawili, na mimi nikaona kwamba hakuna aliyesema uongo. Daftari lilisema "mikorosho 30", na jina hilo kwa upana wake halikuweza kuamua. Kila mmoja alikuwa na "moja" yake. Mjomba alihesabu kwa mche uliopandwa, mama alihesabu kwa shina lililosimama.

Aliyewatoa katika mkwamo huo alikuwa shangazi yao, dada wa marehemu, ambaye hakuwa mrithi na kwa hiyo aliaminiwa na pande zote. Hakutoa methali. Aliuliza, "Wanangu, shina ni nini?" Mjomba akajibu kwamba shina ni pale mti unapokulia chakula. "Haya," akasema bibi yule, "leteni jembe tukatazame nani anakula wapi."

Tukachimba. Tawi la kwanza lilikuwa na mizizi minene iliyokwenda chini, na sehemu iliyoliunganisha na mama yake ilikuwa imekauka na kuoza. Lilikuwa likiishi peke yake bila sisi kujua. La pili lilikuwa vivyo hivyo, ila kiungo kilikuwa bado kibichi kidogo. Mjomba mwenyewe alisema likikatwa litasimama. La tatu lilikuwa na vijizizi vyembamba kama nywele, na nguvu zake zote zilitoka kwa mti wake wa asili. Mjomba alifuta mikono kwa majani, akasema, "Mawili ni mashina. Hili moja ni tawi." Mama hakuwa na la kuongeza. Korosho za tawi la tatu wakakubaliana kugawana nusu kwa nusu. Jioni ile mama alichukua kalamu akaandika katika daftari, chini ya mwandiko wa baba yake: mashina 12, na tawi 1 la shirika.

Jamaa wawili ambao wangeweza kutoamkiana miaka kumi waliinuka pamoja kwenda kuswali. Sisemi neno "shina" ndilo lililowapatanisha. Kilichowapatanisha ni jembe na heshima kwa shangazi yao. Lakini jembe lisingejua pa kuchimba kama lugha isingekuwa na neno ambalo maana yake inaweza kuthibitishwa kwa macho. "Mkorosho" usingetosha. Na kilo isingesaidia chochote, kwa kuwa kilo hupima kilichokwisha kuokotwa, haiulizi kimeanguka kutoka kwa nani.

Kijiji cha Kikole kina somo jingine la namna hiyo, na hili linajulikana mbali kuliko shamba la babu yangu. Misitu ya huko ina mpingo, mti mgumu wenye moyo mweusi, mzito hata huzama majini. Ndio mti wa vinyago vya Wamakonde, na ndio unaotengenezewa klarineti na obo za wanamuziki wa Ulaya. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviwezesha vijiji vya Tanzania kutenga misitu yao ya hifadhi, kuisimamia na kunufaika na mapato yake. Mwaka 2009 Kikole na kijiji cha Kisangi, kwa kushirikiana na shirika la Mpingo Conservation & Development Initiative la Kilwa Masoko, vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu. Vilikuwa vijiji vya mwanzo barani Afrika kupata cheti hicho kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe.

Nyuma ya habari hiyo kuna badiliko la neno moja. Gogo ni neno zuri la Kiswahili, lakini ni neno la kuhesabia lenye hila. Gogo linaweza kuwa jembamba kama paja au nene kama pipa, fupi kama kitanda au refu kama mtumbwi, na bado likabaki gogo moja. Anayenunua kwa gogo atachagua nene, na anayeuza kwa gogo atapokea bei ile ile. Ukihama kutoka gogo kwenda mita ya ujazo, unene na urefu vinaingia katika bei, na mti wenye umri wa mababu haulingani tena na mti wa juzi. Mwanakijiji anayejua kuuliza "moja ya nini?" hapunjiki kwa urahisi.

Lakini hata hapo shina halikuondoka. Mpingo mara nyingi hauoti wima kama mnazi. Hugawanyika karibu na ardhi ukawa na mashina mawili au matatu. Wanamisitu hupima unene wa mti kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, na kanuni yao ya kawaida ni kwamba mti uliogawanyika chini ya kimo hicho huhesabiwa kama mashina mawili, na uliogawanyika juu yake huhesabiwa shina moja. Niliposikia kanuni hii nilitabasamu. Watu wenye vifaa na ramani nao wamelazimika kukaa chini ya mwembe wao na kuulizana shina ni nini. Wao wamejibu kwa kifua, shangazi yake mama alijibu kwa mizizi, Wahakka wamejibu kwa kichwa. Kila jibu limechagua sehemu moja ya mti kuwa shahidi wa mti mzima.

Hapa ndipo ninapotaka kuwageukia washairi wenzangu, maana sisi nasi tunahesabu. Hatusemi tu "shairi moja". Tuna mizani, tuna kipande, tuna mshororo, tuna ubeti. Utenzi tunautambua kwa mizani nane za mshororo. Shairi la tarbia kwa mishororo minne, kila mmoja ukiwa na mizani nane upande wa ukwapi na nane upande wa utao. Sheikh Amri Abedi alipochapisha kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, kwa sehemu kubwa alikuwa akieleza ni nini huhesabiwa katika ushairi na namna ya kukihesabu. Na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mabishano makali yaliyofuata baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko yalikuwa, nikiyatazama sasa, ugomvi wa mpaka wa shamba. Upande mmoja ulihesabu kwa mizani na vina, upande wa pili ulihesabu kwa pumzi na wazo. Kila upande ulikuwa na "moja" yake, na kwa miaka mingi wachache waliuliza swali la yule bibi: tunachokiita shairi kinakula wapi? Mizizi yake iko katika hesabu ya silabi, au imekwenda chini mahali pengine na kiungo kimekwisha kukauka? Nadhani yapo mashairi huru ambayo ni mashina, na yapo ambayo bado ni matawi yanayoishi kwa mapokeo yanayoyakana. Vivyo hivyo yapo mashairi yenye vina kamili ambayo ni gogo tu: yanahesabika, hayaoti.

Wasiwasi wangu ni huu. Wanafunzi ninaowafundisha wanajua kusema "kipande cha" kwa karibu kila kitu. Kipande cha ndizi, kipande cha kuni, kipande cha khanga, kipande cha nazi. Kipande ni neno halali, lakini linapofanya kazi ya kila neno, halifanyi kazi yoyote. Kihakka nacho kina neno la jumla linaloweza kukaa mahali pa mengine, na lugha yoyote ina haki ya kuwa na mlango wa uvivu. Hatari ni mlango huo kuwa mlango pekee. Anayeacha kusema kole huacha pia kuona kwamba nazi hukua kwa jamaa. Anayeacha kusema chane hawezi tena kuuliza kwa nini chane hii ina madole machache kuliko ile. Na mtoto ambaye hajasikia korja atausoma waraka wa zamani wa biashara ya boriti kama mtu anayesoma namba zisizo na vitu.

Kwa hiyo darasani nimeanzisha zoezi dogo. Kila mwanafunzi huleta kutoka nyumbani neno moja la kuhesabia, na sharti alilete pamoja na kitu chake na mtu aliyemfundisha. Si ruhusa kulitoa katika kamusi. Mmoja alileta pindi la ukili kutoka kwa bibi yake anayesuka mikeka. Mwingine, mtoto wa mvuvi, alileta mtungo wa samaki, na darasa likanuka hadi saa sita. Zoezi likiisha huwapa kazi ya kutunga, nami hutunga pamoja nao ili wasidhani mwalimu anaamrisha asichokiweza. Ubeti wangu wa mwaka huu ni huu:

Nikupe moja ya nini, taja jina la kipimo,
Ni dole la kiganjani, ama mkungu wa kimo,
Ni chembe ya mkononi, ama pishi ya kilimo?
Hesabu bila kanuni, ni ugomvi na mdomo.

Si ubeti wa kuniletea tuzo. Lakini mwanafunzi mmoja aliuliza swali lililonipendeza kuliko sifa: "Mwalimu, na ubeti wenyewe tunauhesabu kwa nini? Kwa mstari au kwa maana?" Nikamwambia aende akachimbe atazame.

Wenzetu washairi, tunapotunga, tusiridhike na jina tupu pale ambapo lugha imetuwekea neno la karibu zaidi. Tukitaka machozi, tuseme kama ni tone au ni michirizi. Tukitaka moshi, tuseme kama ni wingu au ni uzi. Tukitaja miti ya Kikole, tuseme kama ni miche, mashina, magogo au mbao, kwa kuwa kati ya neno na neno hapo kuna umri wa mti, jasho la mtu na bei ya kijiji. Neno likiwa sahihi, msomaji hana haja ya kuambiwa ahuzunike au afurahi. Ataona mwenyewe ni moja ya nini iliyopungua.